Siku ya Kumi na Nne

Leo tena hakimu amefungua jalada, akalifunga.
Upelelezi haujakamilika.
Mara ya ishirini na tatu, Bwana.
Nahesabu kwa mafundo kwenye matamvua
ya mtandio wangu wa kanisani,
na matamvua ya upande huu yananiishia.

Luhende alinitazama toka kizimbani,
akanyanyua mguu: ndala imekatika.
Akacheka, vile alivyocheka utotoni
akitumwa chumvi akarudi na pipi.
Kisha karandinga likamrudisha Butimba,
nami nikashuka Kirumba, Mwaloni,
nikafungua gunia, nikapima dagaa kwa sado.
Mikono haina ahirisho.

Jioni jumuiya ilikuja kwangu.
Mama Nkwimba kaleta karanga,
katekista Magesa akasali kwa sauti ndefu
hadi chai ikapoa.
Wakasema, "Mungu hachelewi."
Nikaitikia amina, kwa adabu ya mwenye nyumba.

Walipokwisha kuvaa viatu na kwenda
nikapiga magoti juu ya gunia tupu
nikakwambia ukweli:
unachelewa.
Kama huku si kuchelewa, nipe neno jingine
nimpelekee mwanangu Jumamosi, pamoja na sabuni.
Au na Wewe, Bwana,
upelelezi wako haujakamilika?

Hukunijibu.
Nilimsikia mbwa wa Mzee Kasubi,
na maji yakilamba mawe kule chini.

Nikatoka nje.
Mwezi ulikuwa umejaa, umekaa juu ya majabali
kama mgeni asiye na haraka ya kuaga.
Ziwa lote jeupe, sinia lililosuguliwa kwa majivu,
wala hapakuwa na taa ya mvuvi hata moja.
Nani awashe taa mbele ya mwezi?
Usiku wa mbalamwezi dagaa hawakusanyiki;
watu wanashona nyavu, wanalala, wanadaiwa,
na sisi sokoni tunapiga miayo juu ya magunia.
Halafu giza linarudi.
Ndani ya giza, taa.
Chini ya taa, samaki.

Miaka thelathini na mmoja
nakula kinachotoka gizani.
Luhende nimemsomesha kwa giza,
bati hizi nimeezeka kwa giza,
na sijawahi kuusukuma mwezi ili uwahi kuzama.
Nilikaa tu. Nilikung'uta magunia, nikatafuta viraka.
Sikujua kama nako kule kulikuwa kusali.

Hili si jibu, najua.
Nikimwambia Luhende atasema, mama, umeanza kuzeeka.
Lakini nimerudi ndani, nimeushika tena mtandio,
nikaona nilichokuwa nimesahau:
matamvua yako pande mbili.
Nimeugeuza.

Sikuombi leo unieleze.
Nakuomba ukae naye usiku, upande wa ukutani,
kwenye baridi ya sakafu,
maana kifua chake tangu mdogo ni kibovu.
Mimi nitakuwapo, siku ya kumi na nne,
benchi la mbele, saa mbili kamili.

Kesho nakwenda kununua ndala, namba tisa.
Muuzaji akiniuliza nataka za namna gani
nitamwambia: za kudumu.
Za kudumu kidogo, mwanangu,
si sana.