Mtu wa Pili wa Kupigiwa

Saa tisa kasoro usiku katapila la wachimba mtaro
likaula mkongo pale Tazara.
Nilikuwa zamu, Kijitonyama, chai imeshika utando,
naitazama ruta ya Kurasini.

Kila sekunde tano humpigia hodi Buguruni.
Hodi. Karibu.
Hodi. Karibu.
Hodi.
Hodi.
Hodi.
Kimya cha tatu kikatosha. Kurasini
hakuweka matanga wala hakuitisha kikao.
Alilifuta jina la Buguruni
akafunua daftari aliloliandika mapema,
siku ambayo hapakuwa na shida yoyote.

Kufika Mikocheni kwa Buguruni ilikuwa thelathini.
Chang'ombe yuko hapa hapa, tano tu kumfikia,
naye husema, kwangu imebaki thelathini na tano.
Mtoni, arobaini kumfikia,
kwake imebaki ishirini na tano.

Mzigo ukaelekea Mtoni.

Ombeni, mgeni wa zamu, akahesabu kwa vidole:
"Arobaini kwa sitini na tano. Mbona imeruka rahisi?"
Nikamwambia, itazame vizuri hiyo thelathini na tano.
Ni tano za kuja kwetu
na thelathini zetu zile zile zilizokatika.
Chang'ombe hana njia, ana sisi.
Mpe mzigo, ataurudisha; mpe tena, ataurudisha,
mpaka ufie katikati, umechoka kuzungushwa,
na kila mmoja akiapa kwamba ameutuma.
Ombeni akanyamaza. Kisha akasema,
"Kuna watu wa hivyo."

Asubuhi nilipitia shuleni kwa Mwanahawa
na usingizi machoni, nikaomba ile fomu.
*Mtu wa pili wa kupigiwa simu:*
kwa mwandiko wangu mwenyewe, Shangwe,
jirani, ukuta kwa ukuta, chumvi tunaazimana.
Najua Shangwe akipigiwa hufanyaje.
Hunipigia mimi.

Nikamkata kwa mstari mmoja, bila chuki.
Nikaandika shangazi Chausiku, Kibada:
pantoni, halafu bodaboda, halafu mchanga
unaomeza viatu mpaka mlangoni kwake.

"Huyu si mbali?" mwalimu akauliza.
Mbali, nikasema.
Nauli yake nimeiweka kwenye bahasha
juu ya kabati, tangu alfajiri.