Gunia la Tatu

Kageha amekuja Jumamosi asubuhi na magunia matatu,
kilemba kichwani kama anayekwenda kulima.
Mawili ameyaandika kwa wino: TUPA. GAWA.
La tatu hakuliandika.
"Mama, shika kitu mkononi. Ukikipenda, kibaki.
Usipokipenda, kishukuru, kiende."
Kishukuru!
Nimezaa mtoto wa kushukuru sufuria.

Tukaanzia jikoni.
Makopo ya siagi kumi na saba, vifuniko tisa,
na hakuna kifuniko hata kimoja kinacholijua kopo lake.
Chupa ya chai isiyo na kizibo.
Kizibo cha chupa nyingine,
ile iliyopasuka mwaka wa kura.
Chaja za simu zilizokufa, zimesokotana
kama ukoo unaogombea shamba.
Haya, gunia la kwanza. Sikulia.

Lakini alipoigusa mitungi ya bafuni
nilisimama mlangoni.
"Hii nayo unaipenda? Yote kumi na miwili?"
Mwanangu, wewe unakaa Kileleshwa,
huko mfereji hauhesabu siku.
Hapa Umoja maji huja Jumanne, yakipenda.
Njoo Jumatatu usiku
uone ninavyoupenda mtungi uliojaa.

Kabatini, nyuma ya kioo, vikombe vya wageni:
sita, maua ya samawati, ukingo wa dhahabu.
Miaka ishirini na minne navipangusa vumbi.
Wageni walikuja, wakanywea vya plastiki,
kwa kuwa wale hawakuwa wageni hasa.
"Wageni hasa ni akina nani?" akaniuliza.
Nikafikiri. Nikafikiri tena.
Nikateleka maji.

Sweta ya baba yake niliitoa mwenyewe,
bila kuombwa, nikaikunja mikono kifuani.
Akanitazama kama niliyetukana.
Sweta ni sufu tu, mama.
Iliacha kumnukia tangu mvua za mwaka juzi,
sasa inanukia dawa ya mende.
Na Kilonzi wa getini hutetemeka kila Julai.
Impe joto Kilonzi.

Ila chini ya droo, chini ya vijitabu vya mazishi
(watu niliowahi kuwapikia, wote wakitabasamu jaladani),
daftari la madeni ya duka,
lenye doa la mafuta ya taa:
Nusu sukari. Mkate. Kiberiti. Nusu sukari.
Mwandiko wake umelalia kushoto
kama mtu aliyeegemea kaunta, hana haraka.
Na pale Desemba, kwa herufi ndogo:
Pipi mbili, za Kageha.

Deni lilishalipwa. Duka lilishafungwa.
Mwenye duka alirudi Ukambani na mizani yake.
"Hili nalo?" akauliza, gunia wazi.
Nikampa asome.
Akasoma akiwa amesimama, halafu akiwa ameketi,
halafu akauliza, akiangalia dirisha,
kama anaweza kuliazima.
Sikumjibu. Nikalivuta lile gunia lisilo na jina,
nikaliweka daftari ndani, peke yake,
nikalikunja mdomo.
Liko hapo hadi leo, nyuma ya mlango,
gunia la kilo tisini lenye uzito wa mkate.

Saa kumi akapita mnunuzi wa vyuma na mizani ya mkononi,
akaibeba meza ndogo ya sebuleni
kwa shilingi mia na hamsini,
meza iliyonipiga goti
tangu Kageha akiwa darasa la pili.
Hiyo sikuishukuru.

Sasa nyumba inaitika nikikohoa.
Chai nainywa kwa samawati na dhahabu,
mgeni hasa, miguu juu ya kochi.
Usiku stima ikipotea, naenda msalani gizani:
hatua tatu, kisha kulia kidogo,
nikiizunguka meza ambayo haipo,
goti likijikunja mapema,
likingoja pigo lake.