Yatokanayo

Mimi ndiye mwandika muhtasari.
Mwaka wa tisa sasa, kalamu ya bluu, daftari la kaunta,
kijiji chetu huku juu Newala
ambako hata maji hupandishwa mlima.
Mahudhurio huwa nayakadiria kwa kutupa jicho
kama mnunuzi atazamaye gunia bila kulifungua.
*Akidi imetimia*, naandika.
Huwa haijatimia.

Kisha kipengele cha nne,
Yatokanayo na mkutano uliopita:
*Hakuna.*
Neno hilo mkono unalijua wenyewe
kama mguu ujuavyo njia ya msalani usiku.

Jumanne ile tulikaa ndani ya ghala la chama cha msingi,
juu ya magunia matupu, mizani imefunikwa turubai,
vumbi la korosho likituwasha pua.
Mwenyekiti Chinguile akasoma:
choo cha shule, matundu sita, kimekamilika,
fedha ni yale makato yetu,
shilingi thelathini kwa kila kilo.
"Wananchi, tumeridhia?"
Vinywa vikaanza kuivuta ile *ndiyooo*
ya watu wanaowahi foleni ya bomba.

Somoe Nandonde akanyoosha mkono.
Si msemaji yule. Mjane, mikorosho arobaini na mmoja.
Mkono ulifika sikioni ukasita,
ungedhani anajikuna.
Mwenyekiti aliuona, akatazama ukuta.
Basi akasimama.

"Mjukuu wangu juzi karudi mbio saa ya kipindi.
Namuuliza, wakimbia nini? Ananiambia, bibi, foleni.
Nikaenda mwenyewe. Nikahesabu.
Matundu mawili.
Manne yaliyobaki yamo karatasini.
Sasa naomba anayeandika atueleze,
hayo tuyaingilie wapi?"

Ghala zima likacheka,
halafu kicheko kikakatika
maana kila mtu alikumbuka stakabadhi zake.
Za Somoe zilikuwa mkononi, misimu mitatu,
ndani ya kopo la maziwa ya watoto.
Shule hakufika mbali,
lakini thelathini mara kilo
ni hesabu ya yeyote aliyewahi kukatwa.

"Mama, hilo si la leo."
"La lini?"

Likwena wa baiskeli, ambaye mikutano yote
husimama mlangoni ili atoke mapema,
akaingia ndani, akatafuta gunia, akakaa.
Hakusema kitu. Akakaa tu.
Wengine wakajisogeza karibu naye.

Nami nikatazama daftari.
Tarakimu sita ile, mkia wake niliuvuta mimi.
Senti sikula. Niliandika nilichoambiwa,
nikapiga mstari chini kwa rula.
Siasa nilidhani ni ya wenye magari na vipaza sauti,
ya fulana mpya zinazochuja wino
kabla matokeo hayajatangazwa.
Mimi, nikajiambia miaka yote, ni karani.

Nikainuka, nikahesabu kwa kidole, mmoja mmoja,
kuanzia mlangoni, na wanaonyonyesha pia.
Watu themanini na tatu.
"Mwenyekiti," nikasema, sauti ikinitoka kama ya kuku,
"akidi haikutimia.
Hakuna aliyeridhia chochote hapa."

Alinitazama
kama mtu aliyeng'atwa na kiatu chake.

Mkutano ukaahirishwa hadi Jumamosi.
Watu wakawa wanatoka polepole, bomba limesahaulika,
Somoe akafunga kopo lake, akageuka mlangoni:
"Kila mtu aje na stakabadhi zake.
Na jirani yake. Hata mnayegombana naye mpaka wa shamba."

Jumamosi sijui itakuwaje.
Huenda nikanyang'anywa kalamu.
Huenda mvua ikanyesha, watu wakaenda kupanda.
Usiku huu, kwenye kibatari, nimefungua ukurasa mpya.
Tarehe nimeiandika. Mahudhurio nimeyaacha wazi.
Nimeruka hadi kipengele cha nne,
mkono ukataka kuandika neno lake la zamani,
nikaushika.

Yatokanayo:
moja, matundu manne.
Mbili,

na chini yake nimeacha mistari mingi.