Pete Saba

Gari la kunyonya majitaka liliingia mjini kwa shangwe,
utepe shingoni kama bwana harusi.
Meya akakata utepe, tukagawiwa peremende,
kisha likalala chini ya turubai miezi kumi na minne,
maana kiungo cha mpira kilipasuka
na fomu ya kuagiza kiungo
ilitakiwa iende Dhaka, irudi, iende tena
kutafuta muhuri wa mtu aliyekwisha hamishwa.
Kuku wa mlinzi wakataga ndani ya tairi la akiba.

Mimi ni Shefali Biswas, ofisa afya msaidizi,
chumba cha nyuma, feni moja, kabati lisilofungika.
Walipouliza mji una mashimo mangapi ya choo
nilifungua kabati: leseni za riksho,
risiti za soko la samaki,
mende mkavu.
Paa tunazihesabu, ndizo zinazolipa kodi.
Kinachoshuka chini hakuna aliyekiandika.

Tukapewa semina. Biskuti, kalamu za bure.
Mtaalamu alitamka neno "uwezo" mara thelathini na nane;
nilihesabu,
uwezo wangu siku hiyo ulikuwa huo.

Aliyejua ni Lokkhon Bashfor.
Usiku, kamba, ndoo, chupa ya mafuta ya taa
ya kumwaga juu ya shimo harufu ipungue.
La kuvunda halina ubani, lakini mtu hujaribu.
Mchana anakunywa chai kwa kikombe chake mwenyewe,
kinachoning'inia msumarini nyuma ya kibanda,
mbali na vikombe vya watu.

Mwezi wa Srabon nilimfuata, daftari ndani ya nailoni,
mvua ikitupiga kama inatudai.
Yeye hapimi kwa mita. Anapima kwa pete,
zile pete za zege zinazozamishwa moja juu ya moja.
"Hapa tano, kwa mwalimu.
Hapa kumi, kwa tajiri wa juti,
ila katoboa, analimwaga mtaroni mvua ikinyesha.
Hapa tatu, mjane, usimwandikie faini."
Penye ukuta wa kijani alipita bila kunyoosha kidole.
Jirani ndiye aliyeninong'oneza:
Kartik, mdogo wake, alishuka humo
na mshumaa ukazimika kabla yake.
Niliandika: pete tisa.
Daftari langu halikuwa na safu ya mengine.

Mashimo elfu moja mia mbili na sita.

Kikao cha bajeti. Diwani Mofizul
anamtaka mpwa wake awe dereva wa gari,
kijana ana cheti, ana viatu.
Nikasimama, magoti yakinisaliti:
"Mheshimiwa, shimo la nyumbani kwako lina pete ngapi?"
Akamtazama katibu. Katibu akaitazama dari.
Na kutoka mlangoni, ambako alikuwa amesimama
kwa kuwa viti havikuwahi kumhusu:
"Saba, bwana.
Ya chini imepasuka tangu mwaka wa mafuriko.
Kisima chenu kiko hatua nane."

Kimya kile ningekiweka kabatini,
kama kabati lingefungika.

Kiungo kilinunuliwa wiki hiyohiyo, dukani kwa vyuma,
taka mia tisa, kwa saini ya hapa hapa.
Lokkhon ana glavu sasa, ana barua ya ajira,
wanawe wanaisoma kwa sauti, wanarudia nambari ya simu.
Tope linakwenda kwenye vitanda vya mchanga na matete
nje ya mji, si mtoni.
Si lote. Kata ya tisa vichochoro ni vyembamba,
gari halipiti, tunasukuma pampu ya mkono,
na mwaka ujao sijui nani atalipia dizeli.

Jana nilimkuta kibandani, sare mpya, jina kifuani.
Muuza chai akampa mkono, akamwita bhai,
akanyoosha mkono nyuma,
akakitoa kikombe msumarini.