Tone Moja, Jicho Moja

Daktari Vibeke hushuka Upernavik mara moja kwa mwaka,
na masanduku mawili ya vipimo, na siku tatu tu.
Mimi ndiye mdomo kati yake na bibi yangu Bibiane:
Kidenmaki kinaingia, Kigrinlandi kinatoka,
na hapo katikati nalitafuta neno la presha.

"Mwambie jicho lake lina chumba kifupi mbele,
mfereji wa maji ni mwembamba.
Nikitanua mboni, pazia litajikunja pembeni,
huenda likauziba."

Husemwa macho hayana pazia.
Yanalo. La bibi ni la kahawia,
na la mamake lilimponza usiku mmoja wa Januari:
taa ikavaa pete za rangi,
kichwa kikapasuka, akatapika
hadi asubuhi isiyo na mwanga.
Wakampa dawa ya tumbo.
Jua liliporudi mwezi wa pili, kijiji kizima kikapanda kulilaki.
Yeye aliuliza tu, "Limefika?"

Bibi anasikiliza,
sindano ya shanga imechomekwa kwenye kola.
"Mbona basi anataka kuufungua mlango
uliomfungia mama?"
"Aone nyuma," natafsiri. "Sukari
huenda imeukwaruza ukuta wa ndani."

Wanapima kwanza. Kumi na nane.
Nesi Aqqaluk anaiandika kwenye kipande cha plasta,
anakibandika mgongoni mwa mkono wake.
Tone moja, dawa hafifu. Jicho la kulia peke yake.
La kushoto linabaki juu
kama mtu aliyeshika kamba
mwenzake akishuka genge kutafuta mayai.

Dakika ishirini: ishirini na moja.
Dakika arobaini: ishirini na tano.
Mboni imekuwa nyeusi, pana.
Daktari anainama na taa yake, anachungulia upesi,
mgeni katika nyumba ya kuazima.
"Ukuta ni mzima."
Nje helikopta inanguruma. Masanduku yako mlangoni.
"Pima tena," anasema.

Thelathini na nne.

Hakuna aliyenihitaji kutafsiri.
Tone la kuibana mboni. Tone la kupunguza maji.
Vidonge viwili, bilauri ya maji baridi.
Kisha Vibeke akavua koti, akalitundika,
na Aqqaluk akatoka kumwambia rubani aende.

Usiku wa Aprili huku hauna giza la kutosha
kumficha mtu hofu yake.
Bibi, jicho likimwuma, akachomoa sindano,
akampa daktari aitunge uzi.
Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana.
Ya tatu wakacheka wote wawili, bila mimi.

Saa nane: ishirini na sita.
Saa kumi na mbili: kumi na sita.

"Kabla ya tone jingine lolote," Vibeke alisema,
"aende Ilulissat. Watatoboa pazia kwa mwali,
tundu dogo juu, maji yapate njia."
Nikatafsiri. Bibi akanikazia macho,
moja dogo, moja bado limevimba ukungu.
"Tundu la sili la kupumulia!
Kwa nini hakusema hivyo tangu jana?"

Neno la presha sijalipata mpaka leo.
Plasta yenye namba zake sita
ameibandika ndani ya kifuniko cha kopo la shanga.
Na jicho la kushoto?
Lisubiri mwakani, anasema.
Jana limeona ya kutosha.