Meno Matatu

Mwaka huu nimeng'oa meno matatu
ambayo bado nayatafunia.

La kwanza Februari,
Winnipeg, thelathini chini ya sifuri,
basi limechelewa, kope zimeganda,
nami nakwenda kliniki kuvunwa mayai manne
(daktari aliyahesabu mara mbili, kama karani wa benki).
Kwenye fomu ya ruhusa niliandika: jino.

La pili Mei.
La tatu Agosti: simu ilinikuta chooni, ghorofa ya pili,
Idara ya Leseni na Maegesho,
sauti ya upole ikisema, pole, Bi Chausiku, haikushika.
Nikanawa uso.
Nikarudi dirishani kumwandikia mzee leseni ya mbwa wake.
Anaitwa nani? nikamuuliza.
"Beibi," akasema.
Nikaandika. Herufi moja moja.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Na wa yule asiyekuja, aujuaye nani?
Mama mkwe hupiga simu kutoka Pangani:
"Huko kwenu watoto hawapatikani?"
kama anayeulizia sukari.
Mbwana huficha sindano kwenye friji, nyuma ya maziwa,
mgeni asizione.

Oktoba ukabandikwa waraka kando ya mashine ya kahawa:
bima ya wafanyakazi wa jiji italipia mizunguko miwili;
likizo siku kumi na tano, mshahara palepale,
kwa matibabu ya uzazi au kuasili mtoto.
Niliusoma mara tatu
nikijifanya nasubiri kahawa,
mimi nisiyekunywa kahawa.

Fomu mpya ina visanduku viwili.
Nikatia vema cha kwanza,
mkono ukitetemeka
kama wa mtu anayeghushi sahihi yake mwenyewe.

Doreen, mkuu wetu, kabakiza miezi mitatu astaafu.
Aliisoma yote. Akavua miwani.
"Mwaka wa tisini na nne," akasema,
"niliugua mafua mara tisa."
Akapiga muhuri.
Hakusema mafua yale yaliishia wapi,
nami sikuuliza;
mezani kwake kuna picha moja tu, ya paka.

Kisanduku cha pili
sikukitia alama, wala sikukikata.
Mbwana nitamwambia leo, baada ya kula.

Kituoni theluji ilikuwa imeanza.
Ulimi wangu, bila kutumwa,
ukapita kinywani ukihesabu:
yote yapo.