Siku Saba Juu, Siku Saba Chini

Saa tisa usiku, ukingoni mwa shimo,
naegesha lori namba hamsini na tatu.
Tairi zake zimeipita nyumba ya mama yangu kwa kimo.
Nyuma nimebeba tani mia tatu za mwamba wa shaba.
Mbele, ndani ya shati, nimebeba kizito zaidi.

"Nayareth, dakika ishirini," nasema redioni.
Don Eleuterio, msimamizi wa zamu, hajibu.
Hukohoa tu.
Kikohozi chake ndicho kibali.

Nashusha pazia nililoshona kwa shuka ya kambi,
natoa pampu, natoa fulana ya Wara
niliyokataa kuifua:
jasho la shingo, cheuo kilichokauka,
harufu ya unga uliokandwa ukasahauliwa.
Bila fulana hiyo titi hugoma.
Mashine huvuta, huvuta, hunywa hewa.
Basi nanusa. Nafumba macho.
Vijisindano vya baridi vinashuka kutoka kwapani,
na tone,
na tone,
kisha uzi mweupe unaopiga chupa kwa sauti ndogo
niisikiayo hata injini ikinguruma.

Siku ya kwanza, mililita mia na hamsini.
Siku ya tatu, tisini.
Siku ya nne usingizi ulinizidi, nikaruka mara moja,
na mwili ukaandika daftarini: kumbe mtoto ameacha ziwa.
Mwili ni mwenye duka.
Kisichonunuliwa leo haagizi kesho.
Nikaanza kununua kwa nguvu:
saa nne, saa saba, saa tisa, alfajiri,
nakamua hata pakavu,
kama abishaye hodi kwenye nyumba
ajuayo kwamba ina mtu.

Siku ya tano, mtu alichomoa friji ya kantini
achaji simu yake.
Pakiti kumi na moja ziliyeyuka.
Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Aliyesema alimwaga maji.
Nililia chooni, nikakamua huku nalia,
zikatoka thelathini.

Asubuhi, mlangoni mwa friji, karatasi,
mwandiko wa don Eleuterio, wino mwekundu:
HIKI NI CHAKULA CHA WARA.
ATAKAYECHOMOA ATATEREMKA CALAMA KWA MIGUU.
Hakuna aliyecheka mbele yangu.

Siku ya saba, basi, jangwa, jua usoni,
kasha la barafu mapajani.
Jirani yangu akauliza kama ni bia.
Nikamwambia ni bora kuliko bia, akaomba moja.

Mlangoni mama amempakata.
Wara ananitazama kama mtoza kodi,
anaficha uso shingoni mwa bibi yake.
Haya. Simwiti.
Naketi kwenye kiti cha plastiki,
vumbi la mgodi bado limo masikioni,
nafungua kifungo kimoja.
Anaguna.

Upande wa kushoto, shati limeshalowa.